Sugimoto na kamera yake: dhana potofu na ukweli

Kuhusu Hiroshi Sugimoto, Mjapani mpiga picha na mchonga sanamu wa New York, yapo mengi yanayosemwa kwa kukisia.

Dhana: Alitoka kwao Japani akiwa tayari bingwa wa picha.

Alizaliwa Tokyo mwaka 1948, na katika Chuo Kikuu cha Rikkyo alisomea siasa na sosholojia. Sanaa ya picha aliisomea Los Angeles, kisha mwaka 1974 akahamia New York. Picha hazikumlisha mara moja. Kwa miaka kadhaa aliuza vitu vya kale vya Kijapani, akirudi kwao kununua mali na kuileta Marekani.

Dhana: Fisi na dubu wa picha zake aliwapiga picha porini.

Hao ni wanyama waliokaushwa, ndani ya vioo vya makumbusho ya viumbe New York. Aligundua kwamba akifumba jicho moja, wanaonekana hai. Na kamera ina jicho moja tu. Mwaka 1976 akaanza na dubu mweupe. Kuna picha ya fisi, mbweha na tumbusi kwenye mzoga wa pundamilia ambayo, kwa mtu aliyewahi kusikia makelele ya karamu ya namna hiyo, inatisha kwa utulivu wake.

Dhana: Skrini nyeupe katika picha zake za majumba ya sinema ni tupu.

Hili ndilo kosa linaloniudhi zaidi, maana skrini ile imejaa kupita kiasi. Mara ya kwanza Sugimoto aliingia katika sinema ya bei rahisi mtaa wa East Village, amevaa kama mtalii, na kamera yake kubwa. Filamu ilipoanza akafungua lenzi, ilipokwisha akaifunga. Jioni hiyohiyo akasafisha picha.

Piga hesabu: sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo onyesho la saa 2 lina picha 172,800. Zote zilirundikana mahali pamoja, mabusu juu ya risasi, vilio juu ya vicheko, hadi pakabaki weupe mtupu. Mwanga huohuo, uliorudi kutoka kwenye skrini, ndio uliochora viti, nguzo na mapambo ya ukumbi.

Dhana: Radi za picha zake aliziwinda usiku wa mvua.

Hakutoka nje, wala hakutumia kamera. Alirusha cheche za umeme wa volti 400,000 moja kwa moja juu ya filamu ya kupigia picha.

Dhana: Aligeukia sanamu baada ya kuchoka na picha.

Picha ndizo zilizompeleka huko. Mwaka 2004 alipiga picha vielelezo vya plasta vya Chuo Kikuu cha Tokyo, vilivyotengenezwa zamani ili wanafunzi waone fomula za hisabati kwa macho. Maumbo yale akaanza kuyatengeneza mwenyewe kwa chuma na alumini. Kazi ya namna hiyo hutaka mashine sahihi kuliko nyundo na patasi. Mnara wake wa San Francisco, katika kisiwa cha Yerba Buena, una urefu wa mita zipatazo 21, mpana chini, na juu umechongoka mithili ya sindano.

Dhana: Ameitupa Japani.

Huko Odawara, juu ya bahari, alijenga Enoura, eneo la sanaa lililofunguliwa mwaka 2017. Lina ukumbi wa mita 100 ulioelekezwa pale jua linapochomoza siku ile ya Juni ambayo mchana wake ni mrefu kuliko zote.