Mtaalamu mnayekutana naye sokoni: kutafuta tiba ya mazungumzo ukiishi mji mdogo

Kuna swali ambalo watu hawaniulizi mbele za wengine. Mtu ameshaeleza yote, kichwa kinavyomuuma, usingizi ulivyopotea, hasira zinavyowaangukia watoto. Akifika mlangoni anageuka na kushusha sauti: "Daktari, huyo unayenipeleka kwake, ni mtu wa hapa hapa?"

Nafanya kazi ya saikolojia tiba katika hospitali ya mkoa, na wengi wanaoletwa kwetu wanatoka miji midogo ya wilayani: stendi moja, soko moja, misikiti na makanisa ambayo kila mtu anajua nani kaja na nani hakuja. Wenzangu wengine hulichukua swali hilo kuwa aibu tu ya ugonjwa wa akili. Mimi naona mtu huyo ameuliza jambo la msingi kabisa. Mtaalamu anayekufaa katika mji wa namna hii ni yule utakayeweza kumwambia ukweli leo, na kesho mkakaa mkeka mmoja msibani bila moyo kukudunda.

Tuanze na majina, maana yanachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba amesomea kutibu kwa mazungumzo, kwa kawaida hadi shahada ya uzamili, na dawa haandiki. Huku kwetu nasi huitwa madaktari, na tumechoka kusahihisha. Muuguzi wa afya ya akili ndiye utakayemkuta karibu zaidi na nyumbani. Mnasihi, au mshauri nasaha, anaweza kuwa na shahada, au akawa amehudhuria semina ya siku chache. Neno "mshauri" juu ya kibao cha barabarani peke yake halithibitishi kitu. Uliza amesomea wapi, kwa muda gani, na nani anamsimamia. Ukiambiwa ni daktari au muuguzi, Tanzania bara yupo chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014. Mtu aliyesoma kweli hakasiriki kuulizwa.

Pa kuanzia ni kituo chako cha afya au hospitali ya wilaya. Ulizia mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Mara nyingi ni muuguzi au tabibu mwenye kazi nyingine tatu juu ya hiyo, lakini ndiye anayejua nani anafanya nini katika eneo lenu na rufaa inaandikwaje. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anajua mengi. Wengi pia husahau washauri wa kliniki ya VVU, ambao ni kati ya watu waliozoea zaidi kutunza siri katika wilaya. Hata kama shida yako haihusiani na VVU, wanaweza kukuelekeza. Juu yao zipo hospitali kubwa: Mirembe pale Dodoma, iliyoanzishwa 1927, Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Na kabla ya yote pimwa mwili. Tezi la shingo lisilofanya kazi sawasawa au upungufu wa damu huweza kumchosha mtu na kumkatisha tamaa hadi akaonekana ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka.

Usimdharau mtu kwa sababu hana cheo kirefu. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya Benchi la Urafiki. Wanaokaa kwenye benchi hilo, nje ya kliniki za mitaa ya Harare, ni wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao wakiwa mabibi wenye wajukuu, waliofundishwa kumsaidia mgonjwa achague tatizo moja na kulitafutia njia. Utafiti uliofanywa katika kliniki 24 na watu 573, matokeo yake yakachapishwa 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Huduma hiyo imefika hadi Zanzibar. Kabila la Washona wa huko Zimbabwe huliita tatizo lenyewe kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili hahitaji kutafsiriwa: "nina mawazo." Kilichowasaidia watu wale ni mafunzo, usimamizi na utaratibu unaofuatwa kila kikao. Hayo ndiyo ya kuulizia. Kwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au aliyekesha siku kadhaa akijiona ana nguvu zisizo na mpaka, daktari atangulie. Mazungumzo yatafuata.

Sasa siri, na hapa nataka tukae kidogo. Wenye kuandika maadili ya kazi yetu, wengi wao wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, humshauri mtaalamu akikutana na mgonjwa wake njiani asimsalimie kwanza. Huku kwetu ushauri huo ungeleta balaa. Mama wa miaka sitini ukimpita sokoni bila shikamoo, kufikia jioni mtaa mzima unauliza mmegombana nini. Kwa hiyo mimi napanga salamu na kila mgonjwa katika kikao cha kwanza: tutasalimiana kama watu wote, za nyumbani, za kazi, basi. Sitakuuliza "unaendeleaje?" Sitasogea pembeni na wewe. Tukijikuta kamati moja ya harusi, nitachanga na kuondoka mapema. Mtaalamu wako asipoligusa jambo hili, liguse wewe: "Tukikutana mjini tutafanyaje?" Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kulifikiria.

Siri huvuja hata mtaalamu akiwa amefunga mdomo. Kituo nilichoanzia kazi tulikuwa tukiita majina kwa sauti kwenye benchi, mbele ya watu waliokuja kuchoma sindano, na chumba chetu kilijulikana kwa jina ambalo sitaliandika. Kijana mmoja aliitwa mara mbili, akainuka, akatoka nje ya geti, hatukumwona tena. Hilo linaniuma hadi leo, maana kosa lilikuwa letu. Kwa hiyo uliza mambo madogo: Naitwa kwa jina au kwa namba? Faili linakaa wapi, na nani ana ufunguo? Naweza kuja siku ambayo si ya kliniki? Nikilipa kwa simu, ujumbe utaonyesha jina gani, maana simu yangu watoto wanaichezea?

Kuna undugu pia. Mji mdogo hauna mtu asiyemjua mwenzake, na kujuana peke yake si kizuizi. Kizuizi ni pale mtaalamu anapokuwa na chake katika maisha yako: ni shemeji yako, ni mwenye nyumba yako, anamfundisha mwanao, anamtibu mumeo pia na ugomvi wenu ndio uliokuleta. Hapo tafuta mwingine, hata wa wilaya jirani. Namjua mwalimu, nimebadilisha baadhi ya mambo asitambulike, aliyepanda basi kila Jumamosi ya pili kwa miezi minne kwenda mji ambao hakuna aliyemjua. Nyumbani alisema anafuata kozi. Nauli ilimuuma, lakini aliniambia kuwa safari ya kurudi, saa mbili dirishani peke yake, ilimsaidia karibu sawa na kikao.

Kwa asiyeweza kusafiri, simu inafaa kuliko watu wanavyodhani. Tiba ya utambuzi na tabia, inayomsaidia mtu kuona namna mawazo, matendo na hisia zake vinavyovutana, imefanyiwa utafiti mwingi kwa njia ya simu na video, na kwa sonona na wasiwasi hufanya kazi vizuri. Tatizo ni chumba. Nyumba za dari wazi zinasikilizana. Wagonjwa wangu wamezungumza wakiwa shambani, ndani ya gari lililozimwa, katika stoo ya duka baada ya kufunga. Vaa visikilizio ili upande wa mtaalamu usisikike, na mpange neno la kawaida utakalosema mtu akiingia ghafla, kwa mfano "bei ya mahindi".

Mtaalamu mwaminifu atakueleza mapema pia mwisho wa siri yake: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiamuru. Wapo wanaoogopa kutaja mawazo ya kujiua kwa sababu kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania. Kuwaza si kosa, na kumwambia mtaalamu unawaza si kosa. Sema. Na hali ikiwa hivyo, usisubiri kumpata mtaalamu anayekufaa. Nenda hospitali iliyo karibu leo, uwe na mtu usiku, na dawa za wadudu na za mifugo zitolewe nyumbani, zikae kwa jirani. Anayeumia akiwa mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Kuhusu kiongozi wako wa dini, wengi huja kwetu wakiwa wameshaombewa, nami sioni ubaya. Endelea. Ninachokuomba ni kumwacha haraka yeyote, awe wetu au wa nje, anayekuambia utupe dawa za hospitali bila kumwona daktari, anayekuahidi kupona kwa siku fulani, anayekukopa fedha, au anayekushika kwa namna isiyokupendeza. Hakuna tiba ya mazungumzo inayohitaji kugusana kimapenzi. Haipo.

Vikao vitatu au vinne vinatosha kuonja. Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano kati ya mtaalamu na mgonjwa una sehemu tatu: kukubaliana mnataka kufika wapi, kukubaliana mnafanya nini ili mfike, na kuaminiana. Jipime kwa hizo. Je, mnajua mnatafuta nini? Kazi mnayofanya unaielewa? Kuna jambo unamficha kwa sababu unamwogopa? Kutoka umelia si dalili mbaya. Kutoka kila mara umehukumiwa ni mbaya.

Kuhama kunawatia watu haya, hasa kama mtaalamu mnasali naye pamoja. Wengi huacha kuja tu, kisha wanazunguka barabara ya nyuma mwaka mzima wasikutane naye. Mwambie uso kwa uso au kwa ujumbe: "Nashukuru kwa ulivyonisikiliza. Naona nahitaji mtu mwingine wa kuendelea naye. Naomba uniandikie barua ya rufaa na muhtasari wa tulipofika." Barua hiyo uisome mwenyewe kabla haijafungwa kwenye bahasha, na kama kuna jambo ambalo hutaki lisafiri nayo, mwombe aliondoe.