Chuma kinene pekee hakimwokoi mtu na bomu la ardhini

Ile video ya gari la deraya linalokanyaga bomu la kutegwa ardhini, likanyanyuka, likatua bila gurudumu la mbele, kisha watu wakashuka kwa miguu yao, imezunguka tena kwenye magrupu ya mafundi hapa Arusha. Maoni ni yale yale: "Hicho chuma kinene balaa!" Halafu halikosekani swali la pili, tena linaulizwa kwa nia njema kabisa: sisi tunaorefusha Land Cruiser za watalii kila siku, tunashindwa nini kuchomelea pleti ya milimita 20 chini ya gari la mteja anayekwenda maeneo ya hatari? Swali hili limeshajibiwa kwa ufupi mara nyingi na ufupi haujasaidia. Leo nalijibu kwa urefu, maana kosa hili likishajengwa kwa chuma linaua watu.

Tuanze na mizani. Pleti ya chuma ya milimita 10 ina kilo 78.5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ya milimita 20 ina kilo 157. Sakafu ya mita 1.5 kwa 3 ni mita za mraba 4.5. Hizo ni kilo 706, bado hujaweka bolti, mbavu wala abiria. Land Cruiser pikapu inabeba karibu tani moja. Umeshamaliza springi, umeshamaliza breki, gari limekaa chini zaidi, na tumbo lake sasa ni bapa. Kuwa karibu na ardhi na kuwa na tumbo bapa ni mambo mawili ambayo mbunifu wa magari haya huyakimbia kabla hata hajauliza habari ya unene.

Wengi wanadhani bomu la gari huua kwa kutoboa. Mara nyingi sakafu haitoboki kabisa, inavimba kwenda juu. Ikivimba sentimita 2 ndani ya milisekunde 2, huo ni mwendo wa wastani wa mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, na unyayo wa mtu umekanyaga hapo hapo. Kisigino na muundi vinavunjika wakati gari lenyewe halijaanza kunyanyuka. Baadaye kidogo gari zima linasukumwa juu, kiti kinampiga mtu makalioni na uti wa mgongo unabanwa. Asiyefunga mkanda anapigiza kichwa darini. Kisha gari linaanguka, na uti ule ule unabanwa mara ya pili. Katika hayo yote pleti inaweza kubaki nzima bila tundu, na ndani watu wamekufa.

Wapenzi wa unene wana nusu ya ukweli, na niwape haki yao. Msukumo ule ule ukilipiga gari lenye uzito mara mbili, gari hilo huondoka kwa nusu ya kasi. Uzito unasaidia. Ila uzito huo ni wa gari zima, na hauna kazi kama sakafu iliyo chini ya miguu inacheza peke yake. Afadhali kuupunguza msukumo wenyewe kabla haujafika, na hapo ndipo umbo na kimo vinaposhinda unene.

Kazi hii ilianzia kusini mwa Afrika miaka ya 1970, Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini, ambako barabara za vumbi zilikuwa zinategwa. Huko ndiko lilikotoka Casspir, gari la tani 11 hivi lenye tumbo kama mkuku wa jahazi. Jina lake ni herufi za SAP, polisi wa Afrika Kusini, na CSIR, taasisi ya utafiti, zilizochanganywa. Marekani walikuja kuyanunua magari ya namna hii kwa maelfu kuanzia 2007, baada ya Humvee zao, magari ya kawaida ya jeshi yenye tumbo bapa, lililo kama sentimita 40 tu kutoka ardhini, kuwashinda Iraq. Cougar, RG-33, MaxxPro, na M-ATV ya mwaka 2009 iliyokusudiwa barabara mbovu za Afghanistan, yote yana ukoo na yale ya kusini.

Tumbo hilo la mkuku lina umbo la herufi V, na V inafanya mambo mawili. Inageuza gesi na udongo vipite ubavuni badala ya kusukuma wima, na inaliweka bodi mbali na bomu. Umbali ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu nguvu ya mlipuko hushuka haraka sana katika sentimita za mwanzo. V kali inageuza vizuri lakini inalirefusha gari kwenda juu, na gari refu hivyo linapinduka. V pana inalishusha gari lakini inapokea kipigo zaidi. Hakuna pembe moja sahihi, kila mbunifu anachagua atakosea upande gani. Wengine wanaweka V mbili sambamba ili sakafu ishuke, kama Wamarekani walivyofanya kwenye Stryker, gari lao la deraya la magurudumu manane.

Udongo pia tunausahau. Bomu lililofukiwa hulitupia gari gesi pamoja na ardhi iliyo juu yake, na ardhi iliyoshiba maji inasukuma zaidi kuliko kavu. Bomu lile lile likifukiwa kwenye vumbi la kiangazi na likifukiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga katikati ya masika, halipigi sawa. Ndiyo maana majaribio yanabainisha aina ya udongo na kina cha kufukia, kwa kawaida sentimita 10, au yanatumia chungu cha chuma cha kuwekea bomu ili kila jaribio lifanane na lingine. Muuzaji akikwambia gari "limehimili kilo 8" za baruti bila kusema kwenye nini na chini ya nini, hajakwambia kitu.

Sasa gurudumu. Hapa ndipo mafundi wazuri kabisa wanapoharibu. Fundi wa Arusha amezoea kuimarisha: ekseli iking'oka porini ni aibu, kwa hiyo anaongeza mabano, anaongeza bolti, anachomelea. Kwenye gari la kuhimili bomu, gurudumu, ekseli, springi na difu vinatakiwa ving'oke. Vikiondoka, vinaondoka na sehemu ya nguvu. Ukivifunga imara kupita bodi, vinairudisha nguvu hiyo kwenye bodi na kuichana pale vilipofungwa. Casspir bodi yake ndiyo chasisi, na ekseli zimefungwa kwa bolti nje ya mkuku, kiasi kwamba karakana ya kambini inaweza kufunga nyingine na kulirudisha gari barabarani. Gari hilo lilikadiriwa kuhimili kilo 21 za TNT, yaani baruti ya kijeshi, chini ya gurudumu, lakini kilo 14 tu chini ya tumbo. Tofauti inatokana na nafasi: gurudumu liko pembeni na mbele, gesi ina njia ya kutokea, wakati chini ya tumbo kila kitu kinaelekea kwa abiria.

Kwa sababu hiyo hiyo, usitundike kitu chochote kizito kati ya V na sakafu, au chini ya V, bila kujiuliza kitaelekea wapi. Propela shafti, giaboksi ndogo, tangi, jeki: bomu likilipuka, kila kimoja kinageuka nyundo inayopigwa juu. Hata MaxxPro, ambayo ni kapsuli ya V juu ya chasisi ya lori, ilibidi ifikiriwe kwa jicho hilo.

Kuhusu chuma chenyewe, naomba mnisikilize kwa makini. Chuma laini cha dukani kina ugumu wa 120 hadi 150 kwa kipimo cha Brinell. Chuma cha deraya cha kuzuia risasi kiko karibu na 500. Lakini kigumu hicho ukikiweka tumboni bila kufikiri kinaweza kupasuka kama kigae, kwa sababu tumbo linahitaji chuma kinachopinda sana bila kuchanika. Kwa hiyo ubavu na tumbo mara nyingi si gredi moja. Kisha kuna kuchomelea. Gredi ya 500 ukiipasha kupita nyuzi 200 hivi za Selsiasi inaanza kupoteza ugumu, na ukiichomelea ikiwa baridi na vijiti vyenye unyevu, haidrojeni inaingia kwenye mshono na ufa unatokea saa nyingi baadaye, gari limeshapakwa rangi. Kijiti cha 6013 tunachochomea nacho mageti hakina kazi hapa. Ni 7018 iliyokaushwa kwenye oveni, au vijiti vya chuma cha pua kama 307, pamoja na kupasha kwa kipimo na kusubiri kati ya mshono na mshono. Hata ukifanya hivyo, ukanda wa kando ya mshono unabaki laini kuliko pleti. Ndiyo sababu ncha ya V nzuri hukunjwa kutoka pleti moja badala ya kuunganishwa. Mshono kwenye ncha ni kuliwekea bomu mlango.

Viti navipa uzito sawa na tumbo, ingawa hakuna anayevipiga picha. Kiti kinaning'inizwa darini au ubavuni, hakifungwi sakafuni, na kina kifaa kinachokubali kushuka sentimita kadhaa huku kikimeza nguvu. Miguu inakaa kwenye kikanyagio kilichoachana na sakafu. Mkanda ni wa pointi nne au tano, na unafungwa hata ukienda dukani tu. Boksi la risasi lisilofungwa, kizimamoto, spana kubwa, vyote vinaruka ndani ya gari. Kiti kikishashuka mara moja kimemaliza kazi, kinabadilishwa, hata kama kinaonekana kizima.

Viwango vya NATO, STANAG 4569, vinataja kilo 6 za baruti kwa daraja la pili, 8 kwa la tatu na 10 kwa la nne, "a" ikiwa chini ya gurudumu na "b" chini ya tumbo. Kufaulu maana yake mwanasesere wa majaribio hakuvuka mipaka: nguvu kwenye muundi isizidi kilonyutoni 5.4, na kipimo cha uti wa mgongo kisizidi 17.7. Mipaka hiyo yenyewe inakubali uwezekano wa kama asilimia 10 wa jeraha la kati. Na kipimo cha uti wa mgongo kilitokana na viti vya marubani vinavyofyatuka angani, ambavyo msukumo wake ni mrefu kuliko wa bomu. Mwanasesere mwenyewe alibuniwa kwa ajali za magari za uso kwa uso, tena kwa umbo la mwanaume wa kilo 78 hivi. Mimi navitumia vipimo hivi kwa sababu ndivyo vilivyopo, lakini siviamini kama ninavyoamini mizani. Askari mdogo mwenye mkoba na fulana ya kuzuia risasi hayumo humo.

Pia V haizuii kila kitu. Bomu la kando ya barabara lenye sahani ya shaba, linaloifinyanga sahani hiyo kuwa risasi ya mwendo wa kama kilomita 2 kwa sekunde, linaingia ubavuni na mkuku hauna la kufanya. Vijana wetu wanaokwenda ulinzi wa amani Kongo na Afrika ya Kati wanapaswa kujua hilo sawasawa na wanavyojua kwamba gari refu la tani 14 linapinduka kwenye ukingo laini wa barabara, kwamba daraja la kijijini halikujengwa kwa ajili yake, na kwamba mlango wa kilo zaidi ya mia, gari likilala ubavu mtaroni, unafunguliwa kwenda juu. Wamarekani walipoteza watu kwenye mifereji kwa namna hiyo, bila bomu lolote. Mazoezi ya kutoka kwenye gari lililopinduka, gizani, mkanda ukiwa umebana, yafanyike kabla ya safari.

Kwa mteja wa ile pleti ya milimita 20: mwambie hapana. Hela hiyo akodi gari lililobuniwa hivyo tangu mwanzo, na kabla ya kusaini alale chini na tochi, aangalie mishono ya V kama ina nyufa, aulize viti vilifungwa lini, na avute kila mkanda mpaka mwisho.