Hisani yenye tija: kijana wa Mtwara na Lindi aanzie wapi

Vijana wa huku kusini mwa Tanzania wakinisikia nikizungumzia hisani yenye tija, yaani kutenda wema kwa kupima matokeo yake, wengi huuliza: "Sasa mimi sina hela, nitaingiaje?" Kazi yangu ni kutathmini miradi ya afya Lindi na Mtwara, na jibu langu ni kwamba hela si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni kuuliza: jema hili tunalolitenda linamfaa nani, kwa kiasi gani, na tumejuaje?

Harakati yenyewe, ambayo kwa Kiingereza huitwa Effective Altruism, ilipata umbo lake Oxford, Uingereza. Mwaka 2009 wanafalsafa Toby Ord na William MacAskill walianzisha shirika la Giving What We Can, ambalo wanachama wake huahidi kutoa angalau asilimia 10 ya kipato chao. Kwa Waislamu wa Kilwa na Mikindani wanaotoa zaka, au Wakristo wa Masasi wanaotoa fungu la kumi, kutenga sehemu ya pato si habari mpya. Jipya ni kuifuatilia sadaka baada ya kutoka mkononi, bila kuionea haya.

Kwa nini tuifuatilie? Mfano bora ninaoujua ulitokea hapa hapa. Katika utafiti wa INSIST, uliofanyika wilaya sita za Lindi na Mtwara, wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito na waliojifungua majumbani, wakiwafundisha usafi, unyonyeshaji na namna ya kumtunza mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo. Kata za kutembelewa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, nyingine zikabaki za kulinganisha. Matokeo yalitoka mwaka 2015: baadhi ya desturi za kumtunza mtoto mchanga zilibadilika, lakini vifo vya wachanga havikupungua kuliko kwenye kata ambazo hazikutembelewa.

Kazi ya akina mama wale ninaiheshimu sana. Ila fikiria kama kata za kulinganisha zisingekuwapo. Vifo hupungua kwa sababu nyingi, barabara imepitika, zahanati imefunguliwa, na mradi wowote uliokuwapo wakati huo ungejitwalia sifa. Tungeendelea kuamini kwamba kumfikia mama nyumbani kunatosha, tusiangalie anachokikuta kituoni uchungu ukimshika. Mtoto mchanga hana muda wa kusubiri tugundue tulikosea wapi.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalompa mgeni ni kuchagua tatizo kwa vigezo vitatu: ukubwa wake, kiasi lilivyosahauliwa, na kama lina njia ya kutatuliwa. Chukua matende na mabusha, ugonjwa tulioishi nao pwani hii vizazi na vizazi. Hauui haraka, kwa hiyo hauchangiwi kama misiba inavyochangiwa. Lakini unamwondoa mtu shambani na barazani, na wengi huficha kwa aibu. Njia ipo: minyoo yake huenezwa na mbu, na kingatiba ya dawa mbili, ivermektini na albendazoli, hupunguza vimelea kwenye damu hadi maambukizi yakatike. Dawa hizo hutolewa bure na watengenezaji, Merck na GSK. Kinachobaki ni kuzifikisha na kuhakikisha watu wanazimeza, kazi ambayo mtu anayejua lugha na mashaka ya kijiji chake huifanya vizuri kuliko mgeni kutoka mbali. Mwenye busha tayari huhitaji upasuaji, na hapo ndipo msaada huchelewa zaidi.

Zoezi la pili ni kusoma hesabu za wengine. GiveWell, taasisi ya Marekani iliyoanza mwaka 2007, huchambua mashirika na kukadiria gharama ya kuokoa maisha. Chandarua ni dola chache tu, ilhali kuokoa maisha ya mtoto mmoja kwa vyandarua hukadiriwa kuwa dola elfu kadhaa, kwa sababu watoto wengi waliopewa wangepona malaria hata bila hicho chandarua. Anayeielewa tofauti hiyo amekwishaingia ndani ya somo.

Kuhusu ajira, 80,000 Hours, taasisi ya kushauri watu kuchagua kazi yenye manufaa, iliyoanzishwa mwaka 2011, imepewa jina la saa ambazo mtu hufanya kazi maishani mwake. Msiidhanie ni ya ofisi za Ulaya tu. Mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, anayehangaikia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye mikorosho anaweza kugusa kipato cha kaya nyingi kuliko mchango wowote atakaoutoa mfukoni.

Na kutoa je? Mwalimu wa Newala anayesomesha wadogo zake simshauri aahidi asilimia 10. Aanze na asilimia moja, na mkulima asubiri fedha za mnada wa korosho.

Mtamsikia pia Sam Bankman-Fried, aliyekuwa mfadhili mkubwa wa harakati hii. Kampuni yake ya FTX, soko la sarafu za kidijitali, ilianguka mwaka 2022, na mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai. Isomeni habari hiyo yote. Hakuna wema uliohalalisha kuchezea fedha za wateja.

Mkiwa watatu tu mnatosha kuanza. Mpango wa vyandarua kupitia shule ulianza mwaka 2013 Lindi, Mtwara na Ruvuma, kwa hiyo swali lipo mlangoni: katika kitongoji chenu, vyandarua vilivyopo vingapi vililaliwa jana usiku? Ombeni ruhusa kwa mtendaji wa kijiji, msiandike majina, chagueni nyumba kwa bahati nasibu badala ya kwenda kwa marafiki. Kila chandarua kisichotumika, ulizeni kwa nini: kimechanika, joto, hakuna pa kukifungia, au kimepelekwa shambani? Kisha pelekeni majibu kwa mganga mfawidhi wa zahanati yenu, pamoja na idadi ya nyumba mlizozikosa.