Aspirini ya kila siku si kinga ya kila moyo

Wazee wengi, wakishamaliza chai ya asubuhi, humeza kidonge kidogo cha aspirini cha miligramu 75 ili "damu iwe nyepesi", hata kama moyo haujawahi kuwasumbua. Hawakujitungia imani hiyo. Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliishauri.

Aspirini hupunguza kuganda kwa damu. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, au aliyewekewa stenti (kijibomba kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi), inamfaa kweli, na asiiache bila kuambiwa na daktari wake. Kwa mzee asiye na historia hiyo, hesabu ni nyingine. Mwaka 2018 utafiti wa ASPREE, uliofuatilia wazee zaidi ya 19,000 Australia na Marekani, ulionyesha kuwa maradhi ya moyo hayakupungua kwa kiasi cha maana, lakini kuvuja damu kuliongezeka, tumboni na hata kichwani. Mwaka 2019 mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani ukasema isitolewe kama kinga ya kawaida kwa waliopita miaka 70.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wanaokimeza hawajapimwa presha mwaka mzima. Na ukiona choo cheusi kama lami, huenda tumbo linavuja damu: nenda hospitali siku hiyohiyo.