Si kila dirisha lililozibwa lilizibwa kwa sababu ya kodi

Wageni wanaotembelea majumba ya kale ya mashambani Uingereza huambiwa kwamba dirisha likizibwa, mwenye nyumba alikuwa akikwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa kwa idadi ya madirisha ya nyumba. Kodi hiyo ilikuwepo kweli, 1696 hadi 1851, na wapo walioziba. Lakini mengi ya madirisha hayo hayakuwahi kuwa na kioo. Wasanifu wa karne ya 18 walitaka uso wa jumba ulingane kushoto na kulia. Palipopita bomba la moshi, walijenga umbo la dirisha tu. Chunguza ukuta: tofali za sehemu iliyozibwa zikiwa zimefumana na za pembeni, rangi ileile, hilo ni pambo la tangu mwanzo. Kulitoboa katika jumba linalolindwa kisheria si ukarabati, ni kuharibu usanifu wake.