Integrali ya Beta: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Dhana potofu: Kitendakazi kikipaa bila kikomo kwenye ncha ya masafa yake, integrali yake haina thamani.

Ukweli: Integrali ya Beta, B(x, y) = ∫₀¹ t^(x−1)(1−t)^(y−1) dt, ina thamani kila x na y zinapozidi sifuri. Kwa x = y = 1/2 kitendakazi hupaa kwenye ncha zote mbili, lakini tukiweka t = sin²θ tunapata π kamili. Kinachoamua ni kasi ya kupaa: eneo lililo chini ya t^(x−1) kuanzia ε hadi 1 ni (1−ε^x)/x, nalo hutulia kwenye 1/x kadiri ε inavyokaribia sifuri, mradi x > 0.

Dhana potofu: Kwa kuwa B(x, y) = Γ(x)Γ(y)/Γ(x+y), ambapo Γ (Gamma) ni kitendakazi kinachopanua faktoria, yaani Γ(n) = (n−1)! kwa kila namba kamili chanya n, kanuni hii ikitoa jibu, basi integrali ipo.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hunaswa, hata waliokwisha kufaulu mitihani yao. Tukiweka x = −1/2 na y = 3/2, kanuni inatoa (−2√π)(√π/2)/1, yaani −π. Lakini t^(−3/2)(1−t)^(1/2) haiwi hasi popote kati ya 0 na 1, na eneo lisilo na sehemu hasi haliwezi kuwa −π. Kwa kweli integrali hiyo haina kikomo. Kanuni imevuka mpaka, integrali imebaki ng'ambo.

Dhana potofu: B(2, 3) ni 2!·3!/5!, yaani 1/10.

Ukweli: Ni 1/12. Kila namba hupungua moja kabla ya faktoria, 1!·2!/4!; anayetilia shaka afungue t(1−t)² na kujumlisha 1/2 − 2/3 + 1/4.

Dhana potofu: Uhusiano wa Beta na Gamma hauthibitishwi bila integrali za vigeu viwili.

Ukweli: Iko njia nyingine, nami naiona nzuri zaidi, itokanayo na nadharia ya Harald Bohr na Johannes Mollerup ya mwaka 1922. Tukishikilia y na kuandika f(x) = Γ(x+y)B(x, y)/Γ(y), tunaona kwamba f(1) = 1, kwa sababu B(1, y) = 1/y; kwamba f(x+1) = x·f(x), kwa sababu B(x+1, y) = B(x, y)·x/(x+y); na kwamba, kwa ukosefu wa usawa wa Hölder (kanuni inayowekea mpaka integrali ya zao la vitendakazi viwili), grafu ya logi ya f haipandi kamwe juu ya mstari unaounganisha nukta zake mbili. Kwa x > 0, Gamma pekee ndiyo yenye sifa hizo tatu, hivyo f ni Γ, na ile π ya mwanzo inatupa Γ(1/2) = √π bila kugusa koordineti za polari.