Faragha, Upweke na Ukiwa: Kwa Nini Binadamu Anahitaji Rafiki

Fomu ya kulazwa hospitali huwa na mstari mmoja ambao wengi huujaza bila hata kufikiri: jina na namba ya mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Niliwahi kumwona bwana mmoja, mwenye kazi nzuri na simu iliyojaa majina, akiwa na kalamu juu ya mstari huo kwa muda mrefu. Alipekua majina kutoka juu mpaka chini, akarudi juu tena. Mwishowe akaandika namba yake mwenyewe.

Sisi tunaotoa ushauri nasaha tunakutana na mtu huyu kila mara, kwa sura tofauti. Watu anao. Anasalimiwa, anaalikwa, anachangishwa. Ndiyo maana ukimshauri "ajichanganye" unakuwa hujamsaidia kitu, amekwisha kujichanganya.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo yangetusaidia kama tusingeyachanganya. Faragha mtu huitafuta mwenyewe: anafunga mlango asome, asali au awaze. Upweke, nduguye "peke", kwa asili ni ile hali ya kuwa bila mwenzi, ingawa siku hizi tumeubebesha maumivu yote. Ukiwa ndio wenye maumivu hasa. Ni hali ya mkiwa, mtu aliyeachwa, asiye na pa kuegemea. Mwanafalsafa Hannah Arendt, mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Marekani, aliweka mpaka wa namna hiyo katika karne ya 20. Aliye faraghani, alisema, yuko na nafsi yake na anazungumza nayo. Mkiwa amekosa hata huyo wa kuzungumza naye ndani, na ukiwa wake humuuma zaidi akiwa katikati ya watu.

Tusidhani ni suala la wanafalsafa tu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 ilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vinahusishwa nao. Vijana wamo, tena kwa wingi.

John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliufananisha upweke na njaa au kiu: kengele ya mwili inayotuambia kuna kitu tunachokihitaji. Mfano mzuri, ila una kasoro moja ambayo yeye mwenyewe aliieleza vizuri. Mwenye njaa akiona chakula hukisogelea, lakini mwenye upweke wa muda mrefu huanza kuwahofia watu walewale anaowahitaji. Ametuma ujumbe saa mbili asubuhi. Saa nne anaona umesomwa, jibu hakuna. Mwingine angesema rafiki yangu ana shughuli. Yeye anasema, nilijua tu. Jibu likija jioni, anajibu kwa neno moja, na yule wa upande wa pili anaona amenuniwa. Hapo hakuna aliyemkosea mwenzake, lakini wote wawili wamerudi nyuma hatua moja.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyaona mahitaji haya mapema. Katika kitabu chake cha maadili chenye sehemu kumi, mbili nzima alizitoa kwa urafiki, akaandika kwamba hakuna ambaye angechagua kuishi bila marafiki hata angekuwa na mema mengine yote. Alitaja urafiki wa aina tatu: wa kufaana, wa kufurahishana, na wa watu wanaopendana kwa tabia zao njema. Wa tatu alisema ni adimu na unataka muda. Akakumbusha methali ya zamani kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Marekani alijaribu kuipima chumvi hiyo: kama saa 50 za kuwa pamoja kumtoa mtu kwenye kujuana tu hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Namba hizo nisingezishika kama sheria, lakini zinawapa nafuu wale wanaodhani wana kasoro kwa sababu miezi mitatu kazini haijawapa rafiki.

Anayenivutia zaidi, hata hivyo, ni Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale. Kwa nini mwenye hekima, anayejitosheleza, atafute rafiki? Si ili apate wa kukaa kando ya kitanda chake akiugua, alimwandikia rafiki yake Lucilius, bali apate mgonjwa ambaye yeye mwenyewe atakwenda kukaa naye.

Yule bwana wa fomu nilimuuliza swali hilo siku chache baadaye. Sikumuuliza nani angekuja kumwona. Nilimuuliza, "Wewe ungesikia nani amelazwa ukaondoka saa hiyohiyo?"

Alitaja jina palepale, bila kugusa simu.